Mtutu Nimeondoka Nao

Lowell,

Maharage yako jikoni, pasheni moto. Mtutu wa bunduki unayoiunda nimeuchukua. Nimeupima kwa ufito wa kusafishia: haufiki inchi kumi na sita za kisheria. Kile kipande cha mdomoni mwa mtutu hakihesabiki mpaka kichomelewe, nawe umekikaza kwa mkono tu. Ukiiunganisha bunduki hivyo bila kibali cha serikali, utafungwa wewe, na Brody atabaki huru kumwinda binti yetu. Uliniuliza, "Nani atakuja kupima, bi mkubwa?" Basi nimepima mimi. Naupeleka kwa fundi wa bunduki mjini Butte.

~~Corinne aende kazini kama kawaida.~~ Corinne asitoke. Gari la huyo Brody, mtalaka wake, lilikuwa getini tena alfajiri, taa zimezimwa.

Mbwa msimwite. Nilimkuta amekufa hapo getini, nimemzika nyuma ya ghala.

Mama Corinne