Kadi ya Daraja la Kwanza

Jumatatu, 4 Juni 2007

Upepo tangu alfajiri. Vumbi mpaka ndani ya chai.

Kudra amepiga simu kutoka India. Baba yake akaiweka spika, akajiweka sawa kwenye kiti chake cha dirishani, akakohoa. Ungedhani anahutubia mkutano! Akamweleza: Mzee Mselemu wa Misigiri ameleta barua ya posa, anamtaka kwa kijana wake Ashrafu, Jumapili saa nne wanakuja kuchukua jibu. Unasemaje, binti yangu?

Kimya. Nikasikia feni tu inazunguka huko chuoni kwao. Halafu: "Mama, nitakuandikia imeli. Isome wewe mwenyewe. Usiende kuisomea kwa Gerald!" Ikakatika.

Mume wangu anachekelea. Eti kimya cha mwanamwali ndiyo ridhaa yake, mambo yamekwisha. Nikasema mtoto kaahidi kuandika. Akasema sawa, ila wageni wakifika na barua haijaonekana, yeye atajibu kwa kile kimya. Najua kinachomwasha. Mzee Mselemu ana mashine ya kukamua alizeti, na Abdulkadiri wangu ni muuza mafuta.

Mimi mwenyewe niliolewa kwa kimya. Wazee wakaniuliza, nikanyamaza, vigelegele vikapigwa. Kumbe jino! Shavu limevimba, mdomo haufunguki. Miaka ishirini na minne sijamwambia. Sijuti — siku nyingi sijuti. Lakini hakuna aliyeniuliza mara ya pili.

Jumanne, 5 Juni

Gerald wa kafe ya intaneti hapo ng'ambo ya barabara si mtu mbaya. Tatizo lake ni msaada. Akiona mtu mzima anahangaika na kompyuta anakuja kusimama nyuma, anakusomea barua yako kwa sauti. Vidonda vya tumbo vya jirani yangu Dorika vilijulikana mpaka buchani. Sasa nimpelekee siri ya mwanangu?

Ila amefunga mtambo mpya, wayalesi. Mwenye laptop yenye kadi ya kunasia mtandao anasoma akiwa nyumbani kwake, bila waya. Na laptop tunayo! Shemeji alituletea kutoka Dar mwaka jana. Nimeifumia kitambaa, inakaa kabatini na sahani za wageni. Nailoni ya kwenye kioo haijatolewa. Abdulkadiri hataki itolewe.

Nikamwita Philipo, fundi kompyuta. Shikamoo nyingi, kijana ana adabu. Akabonyeza ubavuni, kikatoka kipande cheusi. Mume wangu akaruka: rudisha, hiyo ndiyo kadi! Philipo akasema taratibu, mzee, hiki ni plastiki ya kuzuia vumbi. Mwaka mzima tunawaambia watu laptop yetu ina kadi!

Dukani anazo za aina tatu: A, B na G. Akatushauri G kwa sababu mtambo wa Gerald ni G. B nayo itanasa, ila kwa kujikokota. A iko mbali na hizo, haiwezi kuzungumza na huo mtambo kabisa.

Abdulkadiri alikuwa anatikisa kichwa. Ule mtikiso ninaujua.

Jumatano, 6 Juni

Amenunua A!

Anasema yeye amesoma, hawezi kudanganywa. A ndiyo alama ya juu. B inafuata. F umefeli. Sasa G ni nini? Ni mtu aliyefeli halafu akaendelea kufeli! Philipo anataka kutubambikia makapi. Amesubiri fundi atoke, akanunua kwa dada anayekaa dukani. Kifuko cha kadi amekiweka kwenye mfuko wa kanzu, kila anayepita anaonyeshwa ile herufi. Hata muuza vitunguu kaonyeshwa.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Baadaye nikaacha kucheka. Zimebaki siku nne.

Alhamisi, 7 Juni

Kadi imeingia vizuri. Taa yake inawaka, kijani, ya kupendeza. Mtandao hakuna.

Kasema ni upepo, unaupeperusha. Akazunguka nyumba nzima na laptop mikononi: chumbani, jikoni, uani, mpaka mlango wa choo. Nikamfuata nyuma nimebeba waya wa umeme kama mpambe wa bibi harusi. Hakuna! Nikamwambia ipeleke ikafanye mtihani upya, labda ilipewa A ya upendeleo. Alikula ugali kidogo sana.

Ijumaa, 8 Juni

Duka limefungwa. Philipo na yule dada wa dukani, ndugu yake, wamekwenda Mgori, wamefiwa na mjomba. Watarudi kesho au Jumapili. Kadi ya G imefungiwa humo humo.

Nikajipa moyo, nikavuka hadi kwa Gerald. Liwalo na liwe. Kwenye kompyuta ya mlangoni kakaa nani? Mpwa wa Mzee Mselemu! Kanisalimia kwa furaha, "Shikamoo mama mkwe." Nikaitikia, nikasema nimekuja kuulizia chenji. Gerald akanitafutia chenji kwa sauti kubwa.

Nimempigia Kudra mara tatu. Haipatikani.

Jumamosi, 9 Juni

Leo sina utani. Ninaogopa. Mtoto ameandika, nina hakika ameandika, na maneno yake yamekaa mahali fulani hapo hewani, na kesho watu wazima watakuja kunywa chai yangu na kusema amenyamaza. Nimemwambia mume wangu hivyo hivyo. Kasema mwanamke, tutaona. Akavaa kofia akatoka.

Alasiri yote hayupo. Nikajua kaenda kwa wauza mafuta wenzake kutamba.

Magharibi imeshaadhiniwa ndipo anarudi, na Philipo yuko nyuma yake, na vumbi la Mgori kwenye kola. Philipo kaninong'oneza: mama, nimemkuta mzee kakaa kwenye ngazi ya duka, anasema hajaondoka hapo tangu saa tisa. Nikamgeukia mwenyewe. Akasema alikwenda kurudisha mali mbovu, basi!

G imeingia. Umeme ukakatika hapo hapo. Betri ya laptop ilishakufa zamani. Philipo kasema, mzee, umeme ukirudi washa tu, itanasa. Jamani, Singida!

Jumapili, 10 Juni

Umeme umerudi saa tatu na nusu. Mtandao unanasa! Lakini mahali pamoja tu: kwenye kiti cha dirishani. Kiti chake. Hata mimi sijawahi kukikalia. Akanitazama, akasimama, akasema kaa.

Barua ipo. Imefika tangu Jumanne. Mstari wa kwanza: "Mama, kama Baba yuko nyuma yako, naomba akupishe kidogo." Alikuwa nyuma yangu. Haoni gazeti bila miwani, ila huo mstari aliuona. Akasema anakwenda kuangalia kuku. Hatufugi kuku.

Nikasoma. Kudra anasema hamtaki Ashrafu. Si mtu mbaya, ila hamtaki. Anataka amalize masomo kwanza. Anasema alinyamaza kwenye simu kwa sababu angetamka neno lolote angelia, na hakutaka kumliza Baba yake. "Mwambie nampenda. Mwambie mashine ya Misigiri wakubaliane kibiashara." Nimelia, nimecheka, nimejifuta kwa khanga.

Nikatoka nikamkuta uani anaangalia ukuta. Nikamwambia ingia ukasome mwenyewe, mimi sikusomei, mimi si Gerald.

Sasa naandika jikoni, daftari juu ya gunia la mkaa. Kutoka hapa ninamwona. Amebandua ile nailoni ya kioo. Anapitisha kidole chini ya kila mstari, akifika mwisho anarudi mwanzo.

Gari limesimama nje. Milango yake inabamizwa, sauti ya Mzee Mselemu, viatu vinakung'utwa.

Hodi!

Abdulkadiri huwa anaitikia "karibu" kabla mtu hajafika mlangoni. Chai imechemka. Vikombe vya wageni viko kwenye sinia.

Hodi ya pili hiyo. Kidole bado kiko kwenye kioo. Hajaitikia.