Njooni Jumamosi Saa Nne

Mombasa, 14 Julai 2025

Kwako Rumaisa,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, ila bwenini bado ni maharage kila siku. Mama mdogo hajambo? Goti lake?

Likizo ya Agosti nakuja Amu na Sundus, yule rafiki yangu wa shule. Kaka yake, Ubaid, atatusindikiza. Sundus hajawahi kuona visiwa vyetu, nami nataka aanze na Pate. Tuandikie mawaidha ya wageni: tuje lini, tuvae nini, tutazame nini. Wewe ndiye mjuzi. Siku hizi mimi na Sundus tunasoma kitabu kimoja, yeye ukurasa wa kushoto, mimi wa kulia.

Dada yako,
Aaliya

Pate, 22 Julai

Kwako Aaliya,

Wa aleikum salaam. Goti la mama linapoa, anakusalimu. Mimi nipo tu.

Mawaidha ni haya. Salimieni kila mtu, hata msiyemjua. Msipige watu picha bila kuomba. Kwenye magofu msikanyage tumbaku; watu wamelima humo humo ndani ya kuta. Mkipewa kahawa msikatae. Ule ukuta tulimokuwa tukificha vitabu si lazima mgeni auone, hauna cha kutazama.

Ukurasa wa kushoto ulikuwa wangu. Nimekumbuka tu.

Njooni Jumamosi tarehe tisa. Msishuke Mtangawanda kama wengine, ni mbali na mji. Nahodha awalete moja kwa moja Pate, mfike saa nne asubuhi. Sundus avae viatu vyake vizuri.

Dada yako, kama bado pana nafasi,
Rumaisa

Amu, 13 Agosti

Kwako Rumaisa,

Assalaam aleikum. Homa imepoa? Mama mdogo alisema umelala, hutaki kuonwa.

Nahodha Hamdu alitukataza tangu gatini. "Mwanangu, saa nne hapana mai Pate. Mtatembea kwa matope." Nikamjibu, "Rumaisa amesema, na Rumaisa hakosei." Basi boti ikakwama mbali na ufuko. Tukashuka, matope mpaka magotini, Ubaid begi kichwani, amenuna. Sundus akapoteza kiatu. Nikadhani atalia. Akacheka mpaka akakaa humo humo! Anasema hajapata siku nzuri kama ile.

Alikuletea kitabu. Amerudi nacho hapa Amu, alitaka kukupa kwa mkono wake, maana mwaka mzima namsimulia habari zako.

Rumaisa, ikiwa ulikuwa mgonjwa, kwa nini nilikuona darini unatutazama?

Aaliya

Pate, 15 Agosti

Kwako Aaliya,

Assalaam aleikum. Umeandika jina tupu mwishoni. Nimeona.

Sikuwa na homa. Nilijua Jumamosi ile mwezi utakuwa na siku kumi na tano, na siku hiyo saa nne asubuhi hata mtoto wa chuo cha Qurani anajua bahari yetu imekauka. Nilitaka Sundus aichukie Pate, asiitaje tena. Kisha nikawaona mmeshikana mikono msianguke, mnacheka. Mimi ndiye niliyewashikanisha.

Jana maji yalipokupwa niliingia matopeni. Nilipapasa tangu adhuhuri, watoto wakinizomea, mpaka nikakipata kiatu. Nimekiosha, kinakauka dirishani. Sikitumi.

Mawaidha ya kweli ni haya: Alhamisi ijayo maji yatajaa saa tisa alasiri, boti itafika mpaka mjini. Njooni wote wawili. Ukuta wetu nitamwonesha mwenyewe. Nitasimama ufukweni na kiatu mkononi, mbele ya watu.

Dada yako,
Rumaisa