Mandazi Yenye Mchanga

Busia, upande wa Uganda
Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Yoga, mama, nakusalimu kwa Kiteso chetu. Mgongo umepoa? Na mwanangu Emmy, bado anakataa uji mpaka apigiwe makofi? Mimi mwanao ni mzima, ila usingizi umenikimbia. Shangazi Athieno anasema nageuka-geuka kitandani mpaka yeye ndiye anachoka.

Unajua siku hizi shuleni hatupimwi kwa karatasi tu. Mwalimu Okware alituambia tutengeneze kitu, tukiuze kwa mtu asiyetujua, tumletee maneno ya huyo mtu, mazuri na mabaya, ndipo atupe alama. Mimi na mwenzangu Odoi tukakaanga mandazi ya unga wa amukeke, vile viazi vikavu ulivyonitumia kutoka nyumbani Mella.

Tukavuka mpaka kwa Mama Nereah, mwenye hoteli ya chai upande wa Kenya. Aliuma moja, akaacha kutafuna, akauliza kama siku hizi Waganda tunakaanga barabara. Mchanga, mama! Ule mwamba wetu wa kuanikia, na mbuzi wanavyopita juu yake. Sisi meno yetu yamezoea. Odoi akaanza ubishi, eti mchanga kidogo unasaidia tumbo. Nikamfinya. Nikaomba radhi, nikauliza angetaka yaweje. Viazi vilivyobaki tukaviosha, tukavianika upya juu ya kichanja, tukasaga, tukakaanga tena, tukarudi. Safari hii alimaliza, akaagiza mengine ya wateja.

Mwalimu alinipa alama nzuri, na zaidi ilikuwa kwa kusikiliza lawama bila kununa. Shangazi alicheka, akasema basi alama ni zako wewe mama, maana ndiwe uliyenilaumu tangu utotoni.

Ningeishia hapo ningelala vizuri. Lakini juzi Mama Nereah alikuja mwenyewe shuleni, akasema ananitaka jikoni kwake kutwa nzima, kuanzia kesho Jumatatu. Mwalimu alifurahi, eti ndilo lengo la masomo haya. Shangazi akakupigia simu jioni ile ile, nawe ukajibu nishike kazi, nije nimchukue mtoto, upumzike. Sikulaumu, mama. Jembe mkononi na mtoto mgongoni, kwa umri wako, si mchezo.

Sasa nisikilize bila kukasirika. Jana nilikwenda kwa Mama Nereah nikamwambia hapana. Alinifokea, akaniuliza kama sioni wenye digrii wanavyobeba watu kwa boda pale mpakani. Nawaona. Nikakataa hivyo hivyo. Sikukupigia kwanza kwa sababu ningesikia tu unavyohema kwenye simu, ningekubali. Kupika ulinifundisha wewe. Huku shuleni nimejua naweza kusimama mbele ya mgeni anikosoe nisianguke, na nataka kujua naweza nini tena. Shule niliiacha mara moja kwa ajili ya mimba. Nikiiacha tena, sirudi.

Nakuomba unishikie Emmy mpaka nimalize. Kila Jumamosi nitakuja kufua na kulima, hata mvua inyeshe.

Nisalimie kaka Ecodu na akina mama wa kanisani. Emmy akiuliza mama yake yuko wapi, usimwambie nimekwenda kazini. Mwambie niko shule.

Binti yako,
Akiror