Upinde Wangu wa Gundi ya Tyubu Mbili

Jumatatu, 4 Julai 1994
Kutoka Chiwanda mpaka huku Mbinga hakuna kijana anayenizidi kwa gundi. Hata gundi zenyewe zinajua. Darasa la sita niliacha mwenyewe, shule ilishindwa kunifuata.
Leo Fundi Raimundi kaniweka kwenye pinde. Sita. Bwana mmoja wa Songea anazitaka, watalii wake wachezee kulenga shabaha. Siyo fimbo moja iliyokunjwa kama ya babu. Hizi ni za tabaka: mwanzi, mninga, mwanzi. Tunaanza na mbili za kuonyesha, mmoja wangu, mmoja wa Kilian, mtoto wa Fundi. Bwana anakuja Jumamosi. Upinde utakaompendeza, aliyeutengeneza ndiye atasimamia zile nne zilizobaki. Basi ni mimi. Kilian anashika randa kama kashika panya mfu.

Jumanne, 5 Julai
Kuchagua gundi. Zamani dukani unakuta misumari, siku nyingine hata hiyo hakuna. Sasa kwa Placidi zimejaa gundi mpaka unachoka. Fundi kapanga tatu mezani. Ya ngozi, ya kuchemsha, aliyofundishwa na bruda wa misheni — inakunywa ukungu, inalegea. Nyeupe ya maji — nzuri kwa kiti, lakini upinde ukivutwa kila siku tabaka zinatembea. Ya tyubu mbili — hiyo ndiyo.
Karatasi yake Kiingereza. Nimewasomea. Nilipojua nilisoma, nisipojua niliunganisha.
"Umeruka mstari," Kilian akasema.
Nikamwambia huo ni wa matangazo.

Jumatano, 6 Julai
Tumekwaruza vipande kwa meno ya msumeno, tukafuta kwa spiriti. Ukishafuta huruhusiwi kugusa, mafuta ya vidole yanakataa gundi. Tukachanganya nusu kwa nusu kwenye kifuniko cha kopo, tukapaka, tukazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Nilikaza kweli. Fundi akanipiga kofi mkononi. "Unaikamua yote, ndani kitabaki nini?"
Halafu akasema tuzitundike jikoni kwa Mama Kilian, juu ya moto, mpaka Jumamosi asubuhi. Nikamwuliza kama ni pinde au dagaa. Kwetu ziwani nilibandika kasia la baba, kesho yake liko majini.
"Kwenu kuna jua, Cuthbert. Hapa Julai hata nguo haikauki."
Nimeutundika, lakini pembeni kabisa. Upinde wangu unuke moshi mbele ya mgeni?

Alhamisi, 7 Julai
Fundi kaenda msibani Litumbandyosi, atarudi kesho kutwa. Nimeushusha wangu. Nimepiga msasa, nimepaka vanishi. Unang'aa mpaka unajiona. Wa Kilian bado uko juu, mweusi kama sufuria.
"Baba kasema Jumamosi."
"Hiyo ni ya Wamatengo, ninyi wa baridi. Wangu umewahi."
"Umekauka?"
"Gonga usikie."
Akagonga. Akarudi kwenye randa yake.

Ijumaa, 8 Julai
Vanishi mkono wa pili.

Jumamosi, 9 Julai
Umeachana. Kilian ndiye aliyekuwa anauvuta. Jicho la kushoto.

Jumapili, 10 Julai
Kanisani sijaenda.
Jana Fundi alifika pamoja na bwana. Akaniuliza nimeushusha lini. Nikasema alfajiri ile ile, na vanishi ikawahi kukauka. Kilian alikuwa pale. Akainama kufungua mpira wa upinde wake. Bwana akachagua unaong'aa uanze. Nilitakiwa nivute mimi. Kilian akanipokonya. "Lete huku, mikono yako imezoea nyavu."
Ulilia kama bati. Kipande cha mwanzi kikaruka. Kilian hakulia. Aliuliza kama upinde umevunjika. Nikasema ndiyo.
Nimekula ugali wote. Hauna ladha, wala si mbaya.

Jumatatu, 11 Julai
Nimekwenda hospitali kwa miguu. Daktari kamwambia Fundi jicho lile halitaona tena. Mama Kilian kanimiminia uji. "Kunywa, mwanangu, na wewe umeshtuka." Nikanywa.
Kilian kafungwa bandeji. Kaniuliza wa kwake ulivutika? Nikasema ulivutika vizuri. Baba yake amekaa pale pale kitandani. Kilian bado hajamwambia habari ya Alhamisi. Yeye mwenyewe anadhani niliushusha mapema tu, basi.
Fundi kanionyesha vipande. Ndani gundi inanata kidoleni kama ulimbo. "Siku tatu motoni na bado hivi. Feki. Siku hizi wanaingiza chochote." Kesho tunakwenda dukani kwa Placidi aliyetuuzia, na mgambo wawili. Mimi shahidi.
Nimesema sawa, Baba.

Jumanne, 12 Julai
Sijalala, lakini sisikii usingizi. Sisikii chochote. Fundi yuko nje na koti lake, ananisubiri. Vipande viko kwenye gunia. Mgambo wanacheka na mtu barabarani.
Kaniita mara moja. Nimeitika, naandika hili kwanza.
Alhamisi nilipofungua mpira nilibonyeza ukucha kwenye mstari wa gundi, katikati. Ukaingia. Nikabonyeza mahali pengine, ukaingia tena. Ndipo nikapaka vanishi.