Mabenchi ya Baba Limbu

Mwangaluka, Mayu.

Nakuamkia hivyo kwa sababu ndivyo watoto walivyokuamkia kila asubuhi, na mimi mtu mzima nikaiga, nikakuita mama kama wao. Tulikuzika kwenu Mwamapalala watu wakiwa kwenye palizi. Sasa pamba inavunwa na sijaja kaburini hata mara moja. Njia naijua, baiskeli ninayo. Sina uso wa kusimama mbele yako, ndiyo maana naandika.

Darasa letu la wadogo bado lipo pale nyuma ya kanisa. Nimebaki nalo mimi, yule msichana uliyemchukua aoshe vikombe vya uji, ukamgeuza mwalimu. Watoto ni wale wale wa miaka miwili, mitatu, ambao mama zao wanashinda mashambani. Aliyebadilika, Mayu, ni mimi.

Unamkumbuka Limbu alivyohangaika na kiatu chake cha plastiki asubuhi nzima? Niliinama nimvalishe, ukanichapa kofi dogo mkononi: "Mikono nyuma, Kabula!" Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yako kwetu sisi wakubwa. Mtoto akipambana na jambo analoliweza, weka mikono yako mgongoni usubiri. Nisamehe, nilikuwa nakuona mvivu. Uji unamwagika, wewe umesimama tu kama mgeni rasmi anayekagua gwaride. Lakini Limbu alikivaa kile kiatu, mguu usio wake, akatamba nacho siku nzima. Tangu hapo ukimgusa tu anakusukuma: "Nene!" Mimi mwenyewe. Uji ajimiminie, chooni aende peke yake, ng'ombe wake wa udongo awafinyange, awakamue, awapeleke malishoni chini ya dirisha.

Baba yake unamjua. Tangu ushirika uache kuwa mnunuzi pekee wa pamba, mji umejaa wanunuzi binafsi, na yeye ni mmoja wao, ana mizani yake na pikapu yake. Kule barabarani nako mtu binafsi amefungua shule ya watoto wadogo. Wanavaa soksi nyeupe na wanaimba namba kwa Kiingereza. Wiki chache baada ya mazishi Baba Limbu aliingia darasani akamkuta binti yake ana udongo mpaka kwenye nyusi. Akasema, "Mwalimu, ng'ombe wa kweli ninao nyumbani. Huyu nimemleta asome."

Akaleta mabenchi, yamepakwa rangi ya bluu, na ubao pia. Wazazi wakapiga vigelegele. Na mimi nilipiga goti kushukuru, Mayu. Nilijiambia naliokoa darasa lako, watoto wasihamishwe. Uongo. Nilipenda kuonekana mwalimu hasa, mwenye fimbo ya kuonyeshea ubaoni, siyo mama wa matope.

Nikautupa udongo. Nikawapanga kwenye mabenchi, miguu inaning'inia. Uji nikawa nawamiminia mimi ili wasichafue. Nikatoa na amri: hakuna kunyanyuka mpaka niseme. Siku za mwanzo walilia, kisha wakatulia, na waliopita pale nje wakanisifu kwa utulivu ule. Nilivimba kichwa!

Asubuhi moja nikageuka kutoka ubaoni nikaona maji yanachuruzika chini ya benchi. Limbu. Amekaa wima, macho mbele, amejikojolea na hajasema neno. Nilimtoa nje nimbadilishe nguo, nikategemea atanisukuma. Hakunisukuma. Alinyanyua mikono yote miwili juu, akasubiri nimvue.

Akasubiri tu, Mayu. Nililia pale kando ya choo, kigauni kibichi mkononi, na yeye ananitazama. Ulichokijenga kwa subira yote ile nimekibomoa hata msimu mmoja haujaisha. Tena nimekibomoa nikiwa nasifiwa.

Jioni nilikwenda kwa Baba Limbu, nikamkuta kando ya mizani yake. Nilimwambia mabenchi siyataki tena, na kwa nini. Sikumficha mkojo wala amri yangu. Nilitegemea anifukuze. Akasema nyumbani nako siku hizi Limbu hali chakula mpaka alishwe, na mama yake alidhani ni homa. Hapo nilitamani ardhi inimeze. Lakini ni mfanyabiashara, hakuniachia hivi hivi: "Nakupa mpaka pamba iishe. Nikiona hajui kitu, nampeleka shule ya barabarani."

Leo asubuhi tumeyatoa mabenchi. Nilidhani watashangilia. Wakasimama katikati ya chumba, wote, wananitazama niwaambie wakae wapi. Niliweka beseni la maji na vikombe vya bati, nikaweka mikono nyuma. Hakuna aliyesogea. Ulimi uliniwasha, nilitaka kuwaambia haya, chezeni, kana kwamba hiyo nayo ni amri. Mwishowe Limbu akasogea hadi kwenye beseni, akasimama, akaninyanyulia macho. Alikuwa anaomba ruhusa. Hapo hukuwahi kunifundisha la kufanya, maana kwako hakuna mtoto aliyewahi kuomba ruhusa ya kugusa maji.

Nikamgeuzia mgongo. Nikatazama ukuta mpaka shingo ikaniuma, nikiogopa kwamba nimechelewa. Halafu nikasikia kikombe kinagonga beseni, na maji yakamwagika sakafuni, mengi. Sikugeuka.

Sijui kama pamba ikiisha Limbu atakuwa bado ni wetu, na hilo siwezi kukuahidi. Lala salama, Mayu. Ninachokuahidi ni kwamba kesho nitaweka beseni tena na kugeukia ukuta, na kesho kutwa, mpaka waache kunitazama.

Kabula