Usiiguse Tena Kompyuta ya Dada Yako

We Kiherehere,

Asubuhi umechezea setingi eti ifunguke haraka. Sasa dada yako akiandika neno la siri inakubali, inakuwa nyeusi, halafu inamrudisha palepale aandike tena. Kazi yake yote ya chuo imo humo na kesho anaikabidhi. Amelia mpaka sauti imekauka.

Fundi wa pale kona akija, usimfungulie! Dawa yake ni moja tu, kupiga windo upya, yaani kuiwekea Windows nyingine, na vyote vilivyomo vinafutika. Naenda kutafuta mwingine, ingawa wawili wameshaniambia kwenye simu, "Mama, hapo sahau."

~~Leo huli.~~ Chakula kipo jikoni. Mpelekee dada yako kwanza, ukae naye. Usimwambie itapona.

Mama