Usilifunge Gitaa la Babu Nyuzi za Chuma

Kaka,

Chai iko kwenye chupa. Gitaa la Babu liko juu ya kabati. ~~Usiliguse.~~ Lishike tu, ila usilifunge zile nyuzi za chuma ulizonunua jana. Nimezificha na sisemi wapi.

Jana ulinicheka: "Halina jina la kampuni, halina nyuzi, utajuaje wewe ni la aina gani?" Leo alfajiri nimelikagua. Shingo ni pana, na kwenye daraja, pale nyuzi zinapoishia, hakuna vigingi, kuna vitundu vya kufungia fundo tu. Hilo ni gitaa la nailoni, kaka. Chuma huvuta kwa nguvu mno, daraja lingeng'oka na ubao wa mbele nao.

Kwenye mfuko wa begi la gitaa nimekuta uzi mmoja wa nailoni, haujafunguliwa. Nikaufunga, nikaukaza polepole, nikaugusa kwa kidole kimoja. Mama akatoka bafuni na povu usoni. Tangu Babu afariki hajataka hata begi lile lifunguliwe, nikajua nimekwisha. Akakaa sakafuni, taulo begani, akasema, "Tena."

Nikagusa tena, na tena, hadi akachelewa kazini.

Nimekimbilia kwa fundi wa magitaa kuchukua nyuzi tano zilizobaki. Mwenye kujua kupiga ni wewe, na Mama ameuliza mara mbili utarudi saa ngapi. Nimemjibu saa kumi na moja. Usinitie aibu.

Dada yako mdogo